Elimu kwa Umma: Unene Uliozidi, Ubongo na Kinga ya Mwili

Mkoa wetu wa Njombe umezoeleka kutajwa katika mijadala ya lishe kwa sababu ya udumavu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wa mkoa huu wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Takwimu hiyo imezaa kampeni nyingi, na ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, utapiamlo una sura ya pili isiyosemwa sana katika mikutano ya vijiji na mitaa yetu, nayo ni uzito uliozidi na kiribatumbo miongoni mwa watu wazima. Kitaifa, wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na hali hiyo walikuwa asilimia 28 katika utafiti wa mwaka 2015/2016, wakafikia asilimia 31.7 katika utafiti wa lishe wa mwaka 2018. Mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa kupita kiasi wanaweza kuwa wanakula chungu kimoja.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mwili uzito unapozidi, na kwa nini kupungua si jambo jepesi kama wengi wanavyodhani.

Kwa miaka mingi mafuta ya mwilini yalihesabiwa kuwa ghala tu: chakula kinachozidi huwekwa akiba kama mahindi katika kihenge, kisha hutolewa siku za upungufu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kugundua jeni ya homoni inayotengenezwa na seli za mafuta. Homoni hiyo iliitwa leptini. Husafiri katika damu hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo ambayo husimamia njaa, kiu na joto la mwili. Mafuta yakiongezeka, leptini huongezeka, na ubongo hupunguza hamu ya kula. Mafuta yakipungua, leptini hushuka na njaa hupanda. Kumbe ghala lenyewe linatoa taarifa kwa msimamizi wake.

Hapo mtu atauliza: ikiwa ndivyo, mbona aliyenenepa sana haachi kuhisi njaa? Jibu ni kwamba wengi wenye kiribatumbo wana leptini nyingi, ila ubongo umeacha kuisikia. Wataalamu huita hali hiyo usugu wa leptini. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kinga ya mwili yenyewe.

Mkulima akijikata kwa jembe, sehemu iliyoumia huvimba, huwa nyekundu na kupata joto. Huo ni mcharuko, kazi halali ya askari wa mwili, na hukoma jeraha linapopona. Sasa tuangalie tumbo lililojaa mafuta. Seli za mafuta hutanuka, baadhi hukosa hewa ya oksijeni ya kutosha na kufa, na seli za kinga ziitwazo makrofaji huingia kufagia mabaki. Mwaka 1993 watafiti wa Boston, Marekani, walionesha kuwa mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya kinga iitwayo TNF-alfa, na kwamba kemikali hiyo huzuia insulini kufanya kazi yake ya kuondoa sukari katika damu. Miaka kumi baadaye, tafiti mbili zilithibitisha kuwa makrofaji hujazana katika mafuta ya mwili kadiri unene unavyoongezeka. Mcharuko wa namna hii hauumi, hauleti homa wala jipu. Mtu huishi nao miaka mingi bila kujua, hadi siku anapoambiwa ana kisukari au shinikizo la damu.

Moto huo wa chinichini haubaki tumboni. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Campinas, Brazili, waliukuta ndani ya haipothalamasi ya panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi. Mwaka 2012 watafiti wa Seattle, Marekani, walikwenda mbele zaidi: waliona dalili hizo katika ubongo wa panya ndani ya siku tatu tu za kubadilishiwa chakula, kabla uzito haujaongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Walipochunguza picha za ubongo wa watu wenye kiribatumbo, waliona alama zinazofanana na kovu katika eneo hilohilo. Ingawa matokeo ya panya hayahamishwi kwa binadamu moja kwa moja, picha inayojitokeza ni ya duara: chakula kisichofaa huchokoza kinga, kinga huvuruga ubongo, ubongo huagiza chakula zaidi.

Ndiyo maana si haki kumwita mtu mnene mroho au mvivu. Hata aliyefaulu kupunguza kilo kadhaa hukuta leptini yake imeshuka na njaa imepanda, kana kwamba mwili unadai urudishiwe mali yake. Anahitaji muda na msaada wa walio karibu naye. Kejeli hazimsaidii.

Kinga iliyo kazini usiku na mchana bila adui wa kweli huwa dhaifu adui anapofika. Wakati wa UVIKO-19 ilidhihirika duniani kote kwamba wenye kiribatumbo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Vilevile, mwitikio wa baadhi ya chanjo, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B, huwa hafifu zaidi kwao. Upande wa pili wa mizani ni mtoto mwenye njaa: watafiti wa London walieleza mwaka 1998 kuwa upungufu wa leptini unaoletwa na njaa hudhoofisha seli za kinga za panya, na kwamba panya hao wakipewa leptini kinga hurejea. Homoni moja inagusa utapiamlo wa aina zote mbili.

Sasa tuje kwenye jambo linaloihusu Njombe kuliko mikoa mingine. Utafiti wa mwaka 2022/2023 ulikadiria maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani kwetu kuwa asilimia 12.7, ilhali taifa ni asilimia 4.4. Kwa miongo mingi wakazi wa hapa wamezika ndugu waliokonda, na mioyoni mwetu wembamba umegeuka kuwa tuhuma. Anayenenepa husifiwa kuwa amenawiri. Anayepungua huanza kunong'onwa. Wapo wanaoogopa kupunguza uzito kwa hofu ya midomo ya majirani, na hofu hiyo haipaswi kuchekwa.

Tangu mwaka 2019 nchi yetu inatumia mseto wa ARV wenye dawa ya dolutegravir, dawa bora ambayo hufubaza virusi haraka. Jaribio lililofanyika Johannesburg, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka huohuo, lilionesha kuwa waliotumia mseto unaokaribiana na wetu waliongezeka wastani wa kilo tatu hivi kwa mwaka wa kwanza, na wanawake waliongezeka zaidi ya wanaume. Sehemu ya ongezeko hilo ni afya inayorejea. Likiendelea bila kikomo, linafaa kuzungumzwa na mhudumu. Jambo moja lisieleweke vibaya: hakuna sababu ya kuacha dawa kwa ajili ya uzito. Anayeacha ARV huwapa virusi nafasi ya kurudi kwa kasi, na hasara yake ni kubwa mno kuliko kilo hizo.

Makambako, penye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya kwenda Songea, maisha yamebadilika. Dereva huketi kutwa, mfanyabiashara wa stendi huketi dukani, na chakula cha haraka ni chipsi mayai na soda. Chupa moja ya soda ya kawaida ina sukari inayozidi gramu 30, sawa na vijiko vya chai saba hivi. Viazi vyetu havina kosa. Vikichemshwa na kuliwa na maharage na mboga za majani ni chakula bora. Kinachoviharibu ni karai la mafuta. Ugali wa dona nao hushibisha kwa muda mrefu kuliko wa sembe.

Kipimo ni rahisi. Gawa uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 atapata 30.5. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Kiuno nacho kipimwe: hatari huanza kupanda kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Lengo lisiwe kubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionesha kuwa watu waliokuwa karibu na kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Kwa yule wa kilo 78, hizo ni kilo tano na nusu.

Uzito, shinikizo la damu na sukari hupimwa katika vituo vya kutolea huduma za afya, na ushauri wa chakula hutolewa pia katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji au Mtaa, ambayo hufanyika kila robo mwaka. Watu wazima wasidhani siku hiyo ni ya watoto peke yao. Wanaweza kumwuliza mhudumu kuhusu uzito wao wenyewe. Anayetumia ARV aombe katika kliniki yake uzito wa siku hiyo ulinganishwe na ule ulioandikwa siku alipoanza dawa.