Pigo la mguu hurudishwa na ardhi

Watu wengi wa mjini wanaoanza kukimbia ili kupunguza uzito huacha baada ya wiki chache kwa sababu ya maumivu ya muundi. Hulaumu viatu au umri. Mara nyingi wamesahau kwamba ardhi hulipa kila pigo inalopigwa.

Mwaka 1687 mwanasayansi Mwingereza, Isaac Newton, alieleza kwamba kitu kikisukumwa, nacho husukuma kwa nguvu iyo hiyo kuelekea upande wa pili. Mkimbiaji huisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi humsukuma mbele. Ardhi haionekani kusogea kwa kuwa ni kubwa mno.

Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyeshinda mbio za kwanza za dunia za nusu marathoni mwaka 1992, alikuwa bondia kabla ya kuwa mwanariadha. Kanuni ni moja katika michezo yote miwili: ngumi inayopiga taya hupigwa na taya kwa nguvu sawa. Ndiyo maana bondia hufunga mikono bendeji na kuvaa glavu.

Mkimbiaji hupokea kiasi gani? Kila hatua, ardhi huusukuma mguu kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 hubeba kilo 120 hadi 180 kwa mguu mmoja. Akipiga hatua 160 kwa dakika, nusu saa ni mapigo 4,800.

Ukienda mashambani, tuseme Matinyani, Kitui, utakuta njia za udongo. Udongo ulioshikana hubonyea kidogo na kupunguza ukali wa pigo kuliko lami. Lakini mchanga mwingi, kama ule wa mito iliyokauka, huzama na kumnyima mkimbiaji msukumo. Misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino hufanya kazi zaidi.

Basi fanya hivi:

• Piga hatua fupi, goti likiwa limekunjika kidogo.
• Ongeza umbali polepole, wiki baada ya wiki.
• Pumzika siku moja au mbili kila wiki. Mfupa hujijenga wakati huo.

Maumivu yakikaa mahali pamoja kwenye mfupa, yakazidi ukikanyaga au yakakuamsha usiku, huenda mfupa umepata ufa mdogo. Usijikaze wala usikandekande. Acha kukimbia, umwone daktari, kwani ufa ukipuuzwa mfupa waweza kuvunjika kabisa.