SOMO: PICHA ZAKO ZISIPOTEE NJIANI

Wengi wetu tulitoka Kasindi tukaingia Mpondwe na Bwera bila karatasi mkononi. Kilichosalia ni picha ndani ya simu: kadi ya mpigakura, cheti cha shule, sura ya mama aliyebaki nyuma. Simu hiyo ikidondoka kutoka kwenye boda boda kati ya Bwera na Kasese, vyote vimekwenda. Kompyuta huna. Ufanyeje?

Kila picha ya lazima ikae mahali pawili, na nakala hizo mbili zisisafiri katika mfuko mmoja.

Anza na memori kadi. Ni ndogo, unaweza kuifunga katika nailoni na kuishona kwenye pindo la nguo. (Waliokuwa karibu na mto Nyamwamba, Mei 2020, wanajua maji yanavyofanya.) Ukiingiza kadi mpya, simu nyingi huuliza: iwe ya kubebea mafaili, au iwe sehemu ya simu yenyewe? Chagua ya kwanza. Ukichagua ya pili, kadi itasomwa na simu hiyo moja tu. Simu ikiibwa, kadi haikusaidii kitu. Kisha bonyeza "Nakili", usibonyeze "Hamisha", maana ukihamisha bado una picha moja tu. Fungua mbili tatu uhakikishe ndipo uitoe. Na kadi yenye picha usikubali ifomatiwe: kufomati ni kufuta.

Simu isiyo na tundu la kadi hutumia flashi na kiunganishi kidogo ambacho wauzaji hukiita OTG. Ukipeleka kwa fundi anayenakili muziki na filamu, simama hapo hapo, na mwambie afute picha zako kwenye kompyuta yake mbele ya macho yako. Kwa maoni yangu, picha ya kitambulisho chako mikononi mwa mtu usiyemjua ni mbaya kuliko kuipoteza.

Njia ya intaneti ni nzuri, lakini hapa ndipo wengi hukwama. Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, picha na barua pepe pamoja. Baadaye unapata simu nyingine, unaingiza neno la siri, na Google inatuma namba ya kuthibitisha kwenye laini yako ya Kongo, ambayo kambini haishiki tena. Mlango umefungwa! Basi ukishapata laini ya Uganda, badilisha namba ndani ya akaunti kabla hujaitupa ile ya zamani. Kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili, omba pia zile namba 10 za akiba, uziandike kwenye karatasi.

Waweza pia kumtumia ndugu unayemwamini kwa WhatsApp. Itume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp hupunguza picha na maandishi madogo ya cheti hayasomeki.

Usitegemee intaneti peke yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa.

Muda ukiwa mfupi au chaji imebaki kidogo, tangulia na picha ya mtoto au jamaa aliyepotea, inayoonyesha uso vizuri. Hiyo itakusaidia utakapokwenda kwa Msalaba Mwekundu kuomba atafutwe. Halafu vyeti. Picha za harusi zingoje umeme.