Ujasiri wa Mwalimu Anayejifunza Kufundisha

Ziko kazi chache ambazo mtu hulazimika kuzifanya mbele ya macho ya wengi kabla hajazizoea, na mojawapo ni ile ya mwanachuo wa ualimu anayepelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Jana aliketi akiandika maneno ya mkufunzi wake. Leo amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na darasa zima linamtazama. Nyuma ameketi mwalimu mwenyeji na daftari lake. Koo hukauka, na maneno aliyoyapanga usiku kucha humtoroka. Wengi katika hali hiyo husema moyoni: "Nikipata ujasiri, ndipo nitakapofundisha vizuri." Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba mpango huo umegeuzwa kichwa chini. Ujasiri haumtangulii mwalimu darasani. Huja nyuma ya kazi aliyoifanya vyema.

Na haya hayamhusu mwanachuo peke yake. Kila aliyejifunza jambo jana, na leo anaombwa na mtoto wake au jirani yake amweleze, yumo katika hali ile ile.

HOFU SI AIBU, BALI KUIFICHA NDIKO KWENYE HATARI

Nabii Musa, alipoagizwa kumwendea Firauni, alitaja wazi uzito wa ulimi wake, akaomba nduguye Haruni awe msaidizi wake. Hakujifanya hana hofu, wala hakuitumia hofu kuwa sababu ya kukaa nyumbani. Basi mwanachuo anayetetemeka asijione kuwa hakuumbiwa ualimu.

Hatari iko mahali pengine. Hofu iliyofichwa hutafuta vazi la kujifunika, na mara nyingi huvaa moja ya mavazi mawili. La kwanza ni ukali: mwalimu asiyejiamini hupaza sauti na kushika fimbo, ili pasiwepo mtoto wa kumwuliza swali asiloliweza. La pili ni maneno yasiyokoma: huandika ubaoni tangu mwanzo hadi mwisho wa kipindi, mgongo wake ukiwaelekea wanafunzi, nao hunakili wasiyoyafahamu. Katika hali zote mbili mwalimu amesalimika, lakini mtoto amepotea. Mtoto aliyekaripiwa kwa sababu ya swali lake anaweza kunyamaza mwaka mzima, na hesabu asiyoielewa siku hiyo itamfuata darasa baada ya darasa. Hii ndiyo sababu jambo hili si dogo.

MACHO YANATAZAMA WAPI?

Mwaka 1969, Frances Fuller wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, alitoa maelezo ya uchunguzi wake juu ya mambo yanayowashughulisha walimu. Aliona kwamba wanaoanza hujishughulisha zaidi na nafsi zao: Je, nitalimudu darasa? Msimamizi ataniona vipi? Walimu waliokomaa huuliza swali jingine: Je, wanafunzi wangu wanaelewa?

Hapa pana ufunguo mkubwa. Anayejitazama mwenyewe huiona kila dosari yake, na hofu yake huzidi. Anayemtazama mwanafunzi hupata kazi ya kufanya, na penye kazi hofu hukosa nafasi. Kwa hiyo, kabla ya kuingia darasani usijiulize, "Nitaonekanaje?" bali jiulize, "Watoto hawa watoke na jambo gani ambalo hawakuingia nalo?"

CHEMCHEMI NNE ZA KUJIAMINI

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika chemchemi nne. Tuzitazame kwa kazi ya ualimu.

Kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kufanya jambo na kufaulu. Kwa hiyo anza na kilicho kidogo. Chagua jambo moja, ulifundishe kwa dakika kumi mbele ya wenzako wachache, wakukosoe, kisha ulirudie. Mwenye kufaulu katika dakika kumi ataithubutu saa nzima.

Historia ya Tanzania ina mfano mkubwa wa kujifunza kwa kutenda. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule apate nafasi. Walimu hawakutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza Darasa la Saba, makumi ya maelfu yao, walianza kuandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha, wakisoma kwa vitabu vilivyotumwa, kwa vipindi vya redio, na kwa mikutano na wakufunzi. Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, kwani mafunzo ya haraka hayawezi kulingana na ya chuo. Lakini vijana hao hawakuambiwa wangojee ujasiri kwanza. Walipewa darasa, wakawa walimu na wanafunzi kwa wakati mmoja.

Pili, ni kumwona mwingine aliye kama wewe akifaulu. Kaa katika darasa la mwalimu mzoefu, nawe usistaajabie tu ufasaha wake. Tazama anasimama wapi, anaanzaje kipindi, na anafanya nini mtoto anapokosea. Tena mtazame mwanachuo mwenzako. Kufaulu kwake kutakuambia kwamba nawe waweza.

Tatu, ni neno la kutia moyo kutoka kwa mtu unayemwamini. Sifa tupu haidumu. Mwombe mwalimu mwenyeji akutajie jambo moja ulilolifanya vyema na jambo moja la kurekebisha. Aliyeambiwa, "Maswali yako yalikuwa mazuri, ila uliyajibu mwenyewe," amepata nguvu na njia kwa pamoja.

Nne, ni hali ya mwili. Moyo kudunda si dalili ya kushindwa. Ni mwili unaojiandaa kwa kazi. Lala mapema, fika shuleni kabla ya kengele, vuta pumzi polepole, na sentensi yako ya kwanza uijue barabara.

MFANO WA SOMO MOJA

Tuseme unafundisha sehemu katika Darasa la Tatu. Katika andalio la somo umeandika lengo moja: mwanafunzi aweze kulinganisha nusu, robo na thumuni. Zana yako ni machungwa mawili na kisu. Unauliza: ipi ni kubwa, 1/4 au 1/8? Mtoto anajibu kwa furaha, "1/8, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne."

Mwalimu mwenye hofu huliona jibu hilo kama shambulio, naye husema, "Kosa! Kaa chini!" Mwalimu anayemtazama mwanafunzi huona kwamba mtoto ametumia akili: amechukua kanuni ya namba nzima akaipeleka mahali ambapo haifai. Basi kata chungwa moja vipande vinne vilivyo sawa, na la pili vipande vinane vilivyo sawa. Mwulize: "Ukiwa na njaa, utachagua kipande kipi?" Kosa la mtoto limekuwa mlango wa somo. Mwanachuo aliyeyafikiria makosa ya namna hiyo tangu jioni hatatishika yakija asubuhi.

Tena, ukiuliza swali, ngoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja jibu kwa muda wa kama sekunde moja tu, na kwamba wakingoja sekunde tatu au zaidi, wanafunzi hujibu kwa urefu na kwa hoja zaidi. Kimya hicho humtisha mwalimu mpya, lakini ndicho kimya ambamo mtoto anafikiri.

UKIULIZWA USILOLIJUA

Hili ndilo linalowatisha wengi. Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alikuwa mwanachuoni ambaye watu walisafiri mbali kumfuata; na yasimuliwa kwamba aliulizwa maswali mengi kwa mara moja, na sehemu kubwa akajibu kuwa hajui. Heshima yake haikupungua. Nawe sema: "Swali lako ni zuri. Leo sina jibu la hakika. Nitalitafuta, na kesho tutalizungumza." Kisha kesho usisahau. Watoto husamehe kutojua. Ahadi iliyovunjwa huikumbuka.

MASWALI YA KUJIPIMA

Baada ya kila kipindi, kabla hujaondoka shuleni, andika majibu mafupi ya maswali haya:

1. Mwanafunzi gani leo ameelewa jambo ambalo jana hakulielewa, na nimejuaje?
2. Ni nani ambaye sikuisikia sauti yake?
3. Kosa gani la wanafunzi limenifundisha jambo?
4. Kesho nitabadili kitu gani kimoja?

Fanya hivyo kwa muda wote wa mazoezi yako, kisha rudi usome kurasa za mwanzo. Utaona kwamba hofu yako ya siku ya kwanza ilihusu nafsi yako, na kurasa za mwisho zimejaa majina ya watoto. Hapo utajua kwamba umeanza kuwa mwalimu. Haba na haba hujaza kibaba. Na Mwenyezi Mungu hapotezi kazi ya mwenye kutenda wema.