Kitambulisho Hakikufanyi Mkenya

Wakenya wengi hukizungumzia kitambulisho kana kwamba ndicho kinachomfanya mtu raia, na kwamba ofisi ikikataa kukitoa, uraia nao umekataliwa. Sheria haisemi hivyo. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 humhesabu kuwa raia wa kuzaliwa yeyote ambaye, siku aliyozaliwa, mama yake au baba yake alikuwa raia, awe alizaliwa Kenya au ng’ambo. Uraia huo huanza siku hiyohiyo, miaka mingi kabla hajapanga foleni kwa msajili. Hata Sheria ya Usajili wa Watu humtaka raia aliyetimiza miaka 18 ajiandikishe. Inamkuta akiwa raia tayari. Anayeomba uraia ni mtu mwingine, mathalani mgeni aliyeishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo. Mzaliwa haombi, anathibitisha.

Neno “au” katika ibara hiyo lina uzito wake. Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba peke yake. Leo mama anatosha, na ibara ya 13 inaongeza kwamba ndoa haimwondolei mtu uraia, wala talaka. Kwa hiyo kijana aliyelelewa na mama Mkenya hapaswi kurudishwa nyumbani kwa kuwa tu hana karatasi za baba.

Wapo watakaosema kwamba mipaka yetu ni mirefu, wageni hununua vyeti, na usalama wa taifa hautaki mzaha. Hoja hiyo ina ukweli: serikali ina haki ya kudai ushahidi, na kughushi nyaraka ni kosa la jinai. Lakini kukagua cheti ni jambo moja, na kumpiga mtu msasa kwa sababu ya jina, dini au kabila ni jambo jingine, ambalo ibara ya 27 inalikataza. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi katika suala hili la uraia. Kichujio cha kabila humpitisha mghushi mwenye jina lililozoeleka, kikamchelewesha mkweli mwenye jina geni.

Wengine watauliza haki hii ya uraia ina faida gani ikiwa bila kadi huwezi kupiga kura wala kufungua akaunti ya benki. Ni kweli, na Wamakonde wa Kwale waliishi hivyo kwa miongo kadhaa kabla ya serikali kukubali kuwaandikisha mwaka 2016. Ndiyo maana ibara ya 12 imeifanya kadi yenyewe, pamoja na pasipoti, kuwa haki ya kila raia. Basi nenda na cheti chako cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi mmoja. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kama ibara ya 47 inavyokuruhusu. Kukataliwa kwa mdomo ni vigumu kukupinga. Barua unaweza kuipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, au Mahakama Kuu, na huko ni ofisi itakayotakiwa kujieleza.