SOMO LA KIKUNDI: BESI YA BEI NAFUU, MKONO WA FUNDI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya nasari za majani chai, mbuzi wa maziwa, na jinsi ya kuandika vitabu vya hesabu. Leo tunashika kitu kingine: gita la besi, lile la stima lenye nyuzi nne nene. Pengine mzee fulani atauliza, "Hilo nalo ni maendeleo?" Tunajibu ndiyo, na tutaeleza kwa nini.

TUONE: HALI ILIVYO

Kuanzia Litein mpaka Mogogosiek, kwaya na vikundi vya vijana vingi vina vyombo vya muziki. Mara nyingi vilinunuliwa wakati wa bonasi ya majani chai, kwa pesa za wote. Chombo cha kwanza kunyamaza huwa ni besi. Nyuzi zinashika kutu, shingo inapinda, spika inavuma kama mzinga wa nyuki. Basi inawekwa stoo nyuma ya kanisa, na mkutano unaofuata mtu anasimama kusema, "Tuchange tununue nyingine."

Kabla ya kuchanga, tujiulize ile ya kwanza ilikosa nini. Besi ya bei nafuu mara nyingi haina mbao mbaya. Kilichopunguzwa kiwandani ni saa za mkono wa fundi: kunyoosha shingo, kupima nyuzi, kulainisha vyuma. Saa hizo ndizo kikundi kinazo. Pesa hatuna nyingi, lakini mikono tunayo. Na siku hizi ambapo mashine za kuchuma majani zimepunguza kazi kwenye mashamba makubwa, kijana anayejua kutengeneza chombo kimoja vizuri ataitwa na kwaya jirani, na mkono wake utamlisha.

TUAMUE: SI JAMBO GENI KWETU

Wazee wetu hawakununua kibugandet dukani. Walichonga, wakawamba ngozi, wakafunga nyuzi, na sauti isipowapendeza walibadilisha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet akinasa nyimbo za Wakipsigis. Akasikia wasichana wakiimba juu ya Chemirocha. Jina hilo ni la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, jinsi lilivyosikika kwa masikio ya hapa kutoka kwenye sahani za santuri. Gita la mgeni lilikuja, na watu wetu wakalijibu kwa chombo chao wenyewe.

Hata huko ng'ambo mambo hayakuwa tofauti. Besi ya stima yenye freti ilianza kuuzwa kwa wingi na Leo Fender huko Marekani mwaka 1951. Miaka kumi baadaye, mwaka 1961, kijana wa Uingereza aitwaye Bill Wyman alinunua besi ya bei ya chini, akapunguza mbao zake na kung'oa freti zote. Baadaye alipiga katika bendi ya Rolling Stones. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba chombo cha bei nafuu ni cha kutupwa. Mchagua jembe si mkulima.

Kanuni yetu ni moja: tuanze na kazi isiyo na gharama na inayoweza kurudishwa nyuma. Tumalizie na ile yenye gharama na isiyorudishwa.

TUTENDE

1. Usalama wa stima kwanza

Besi ya kawaida isiyo na betri haina stima ya kuua ndani yake. Hatari iko kwenye amplifaya. Nyuzi za besi zimeunganishwa, kupitia daraja na waya wa kiunganishi, na mwili wa chuma wa amplifaya. Kama amplifaya ina kasoro na waya wa athi umekatwa, stima ya volti 240 inaweza kufika kwenye vidole vya mpigaji. Akigusa maikrofoni kwa mdomo huku ameshika nyuzi, ndiyo basi. Mwaka 1972 mpiga gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa kwa kushikwa na stima jukwaani huko Swansea, Wales, mbele ya watu. Kwa hiyo:

- Msing'oe wala kukata pini ya athi kwenye plagi, hata kama soketi ni ya pini mbili. Badilisheni soketi.
- Msipige mkiwa mmesimama kwenye sakafu yenye maji au nyasi zilizolowa. Kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi, hivyo wekeni ubao mkavu, na nyaya zisipite kwenye matope.
- Msifungue amplifaya wenyewe. Hata ikiwa imechomolewa, ndani yake kunaweza kubaki stima ya kutosha kumuumiza mtu. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima aliyesomea.
- Kikundi kikipata pesa kidogo, kinunue kile kifaa cha kukata stima chenyewe inapovuja, cha miliampia 30. Kinunuliwe kabla ya pikapu mpya.
- Mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima stima kwanza. Kama haiwezekani, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu.

2. Nyuzi

Seti ya nyuzi za besi ni ghali, na mara nyingi kinachoziua sauti ni jasho na uchafu tu. Zilegeze na kuzitoa moja moja. Zikunje mviringo, zichemshe kwa dakika kumi katika mkebe wa zamani (si sufuria ya ugali), kisha zifute na kuzianika mpaka zikauke kabisa. Sauti hurudi kwa muda. Hii inafaa kwa nyuzi za chuma tupu, si zile zilizofunikwa nailoni. Kama kutu imeingia ndani au uzi umekatika nyuzinyuzi, kununua ni lazima. Baada ya kila mazoezi, futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Shingo

Kaza nyuzi kwa sauti yake: E, A, D, G, kutoka nene hadi nyembamba. Tumia kinanda au programu ya simu. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine kwenye freti iliyo pale shingo inapoungana na mwili. Angalia katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Panatakiwa kuwa na nafasi ndogo sana, kama unene wa kadi ngumu.

Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele. Ikikosekana kabisa, imepinda nyuma. Ndani ya shingo za besi nyingi kuna chuma chenye nati upande mmoja. Legeza nyuzi kidogo, tumia ule ufunguo wa pembe sita unaoingia sawasawa, na zungusha robo tu. Kufuata mshale wa saa kunanyoosha shingo iliyopinda mbele. Kinyume chake kunalegeza. Kaza nyuzi tena, pima, kisha iache ilale hadi kesho na upime upya. Nati ikikataa, acha. Chuma hicho kikikatika, shingo imekwisha.

4. Urefu wa nyuzi na usawa wa sauti

Kwa rula ya shule, pima kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Uzi mnene uwe kama milimita 2.5, na mwembamba kama milimita 2. Pandisha au shusha kwa skrubu ndogo za darajani. Uzi ukiwa juu sana vidole vinachoka; ukiwa chini sana unagonga freti.

Kisha piga uzi mtupu, halafu upige ukibonyeza freti ya 12. Sauti hizo mbili ziwe noti moja, ya pili ikiwa juu kwa oktavo. Freti hiyo ndiyo nusu ya safari: katika besi nyingi uzi una urefu wa sentimita 86.4, na freti ya 12 iko kwenye 43.2. Kama sauti ya freti iko juu kuliko inavyotakiwa, sogeza kiti cha uzi huo darajani nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Wengi wanaosema "besi hii haielewani na kinanda" wanahitaji kazi hii tu.

5. Kizingiti cha mfupa

Pale juu ambapo nyuzi zinaingia shingoni kuna kizingiti kidogo, na katika besi za bei nafuu huwa ni plastiki laini. Tunaweza kuchonga kingine kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani. Uchemshe, toa mafuta na uboho wote, uanike siku kadhaa, kisha ukate kwa msumeno wa chuma na kuusugua kwa tupa na msasa. Fuata vipimo vya kile cha zamani. Funga kitambaa puani, kwa maana vumbi la mfupa linaumiza mapafu.

Mifereji ya nyuzi ichimbwe polepole, tupa moja, kisha kupima. Bandu bandu huisha gogo: ukichimba kupita kiasi, uzi utagonga freti ya kwanza na utaanza upya na mfupa mwingine. Mwisho paka mferejini unga wa risasi ya penseli, nyuzi ziteleze vizuri.

6. Kupunguza mvumo

Kama besi inavuma na mvumo unapungua ukigusa nyuzi, mara nyingi tatizo ni ukosefu wa kinga. Toa plagi, fungua kifuniko, na bandika karatasi ya alumini ya jikoni ndani ya tundu lote. Gundi ya kawaida haipitishi stima, hivyo kunja kingo za vipande ili alumini iguse alumini. Kwa skrubu ndogo, unganisha alumini hiyo na waya wa kiunganishi, kisha hakikisha kwa mita. Alumini isiguse ncha inayobeba sauti, la sivyo besi itanyamaza. Funika ncha hizo kwa tepu.

Kwa kuunga nyaya, tumia risasi ya kazi ya redio yenye ulimbo ndani, si dawa ya mafundi wa mabomba, kwa sababu ile ina asidi na hula waya. Fanyeni kazi dirisha likiwa wazi, msile chochote mezani, na mnawe mikono. Watoto wakae mbali.

7. Mwisho kabisa

Yakishafanyika hayo yote, piganeni na besi hiyo mwezi mzima. Hapo ndipo kikundi kiamue kama kinataka pikapu nyingine. Kama mtu anataka kung'oa freti ili sauti iteleze kama ya Wyman, iwe kwa kura ya wanachama, kwa maana freti zikitoka si rahisi kurudi. Mali ya wote haibadilishwi na mmoja.

UTARATIBU WA KIKUNDI

Chagueni watu wawili, kijana wa kike na wa kiume, wawe watunzaji. Wawe na daftari: tarehe, kazi iliyofanyika, vipimo kabla na baada, pesa iliyotumika. Skrubu ziwekwe kwenye kifuko chenye jina la mahali zilipotoka. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, ndipo mtajua ni kipi kilichosaidia. Na mkiwafanyia jirani kazi, andikeni risiti.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu vyombo mbalimbali katika ibada kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vinafaa kwa matumizi matakatifu na vinawajenga waamini. Basi besi itumikie wimbo, isiufunike. Wazee walio kiti cha nyuma wakisikia maneno ya zaburi, mmepiga vizuri.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kikundi chetu kina vyombo gani vimelala stoo? Nani aliviona mara ya mwisho?
2. Je, plagi na soketi za ukumbi wetu zina athi? Nani atamwita fundi wa stima azikague kabla ya Jumapili?
3. Ni kazi gani kati ya hizi saba tunaweza kuanza wiki hii bila shilingi hata moja?
4. Ni kijana gani asiye na kazi anayeweza kujifunza ufundi huu, na tutamsaidiaje kupata vifaa?

KAZI YA WIKI: Toeni besi stoo, isafisheni, pimeni shingo na urefu wa nyuzi, na mwandike vipimo kwenye daftari. Msibadilishe kitu bado. Njooni na daftari mkutanoni.