Kusahau si Kusema Uongo: Somo Kuhusu Kiwewe na Kumbukumbu



Mtaa wa Nyakuron mjini Juba unajulikana kwa kituo chake cha utamaduni. Humo ndimo lilimoketi Baraza la Ukombozi la chama tawala cha SPLM mwezi Desemba 2013. Usiku wa tarehe 15, mapigano yalizuka mjini na vita vikaenea nchini. Julai 2016 milio ya bunduki ikasikika Juba tena. Walioziona siku hizo tunaishi nao leo pande zote za mpaka, kutoka Nimule hadi Elegu na katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Wengi hawana kovu la kuonekana kwa macho.

Utafiti wasemaje?

Mwaka 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani wa 2005, watafiti waliwahoji watu wazima 1,242 mjini Juba. Asilimia 92 walikuwa wamepatwa na tukio la kutisha, moja au zaidi. Asilimia 36 walikuwa na dalili za msongo wa baada ya kiwewe, na asilimia 50 walikuwa na dalili za sonona. Amani ilikwisha kutiwa saini, lakini nyoyo zilikuwa bado vitani.

Kiwewe hufanya nini akilini?

Wakati wa hatari kubwa, akili huelekea kwenye jambo moja tu: kuokoka. Hushika vipande, yaani mlio, harufu, uso wa mtu, na huenda isishike mpangilio wa saa na tarehe. Baadaye usingizi hupungua, umakini hutawanyika, na sonona hufanya fikra ziende polepole. Mtu wa namna hii akisimamishwa kizuizini au akiandika maelezo kituoni, aweza kuchanganya siku, kunyamaza ghafla, au kushtuka mlango ukifungwa kwa kishindo. Asiyejua atadhani ni hila. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Hatusemi kwamba kila anayejikanganya ni mkweli. Twasema kujikanganya peke yake si ushahidi wa uongo. Maelezo hupimwa pamoja na ushahidi mwingine, na anayehojiwa apewe muda, maji, na lugha anayoielewa.

Ugonjwa si kosa la jinai

Mwaka 2016 shirika la Amnesty International liliripoti kuwa Sudan Kusini nzima ilikuwa na madaktari bingwa wawili tu wa magonjwa ya akili, na kwamba wodi ya akili ya Hospitali ya Kufundishia ya Juba ilikuwa na vitanda 12. Wagonjwa kadhaa walikuwa wakishikiliwa katika Gereza Kuu la Juba ilhali hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Jamii inapomleta mgonjwa kituoni afungwe kwa sababu hapana pengine pa kumpeleka, mgonjwa hukosa tiba na pia hukosa haki.

Tiba ipo

Katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi 43 kutoka Sudan walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Baadhi yao walisaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, hadi vipande vya kumbukumbu vikapata mahali pake. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 ya hao ndio waliobaki na ugonjwa. Katika makundi mengine ilikuwa karibu asilimia 80. Huko Rhino Camp, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki utafiti mwingine. Waliofuata vipindi vitano vilivyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakiongozwa na watu wasio madaktari, walipungukiwa na dhiki ya moyo.

Wajibu wetu sote

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una maneno matatu.

Tazama: nani yuko hatarini, na nani amezidiwa?

Sikiliza: usimlazimishe kusimulia, wala usimkemee.

Unganisha: mfikishe kwa ndugu zake na kwenye kituo cha afya. Akitamka kujiua, asiachwe peke yake.

Twawaomba wazee wa mitaa, viongozi wa dini na familia: msimfunge kamba mgonjwa, wala msimfiche. Nasi askari tumpokee kama mtu anayehitaji msaada kabla ya kumhesabu kuwa mshukiwa.