Kupauka, Kuvunjika, Kutuama: Istilahi za Kudumisha Rangi ya Hadubini

1. Utangulizi

Mkata miwa wa Muhoroni akikohoa kwa majuma mawili, hutakiwa kutoa makohozi yakapimwe. Ikiwa kipimo ni cha hadubini ya taa za LED, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, jibu lake hutegemea chupa ya rangi iitwayo auramini O. Rangi ikiharibika, viini vya kifua kikuu vitakuwapo kiooni, ila mpimaji hataviona, naye mgonjwa atarudi nyumbani na jibu la uongo. Makala haya yanachunguza namna rangi hii inavyodumishwa katika majimaji, na kuuliza iwapo Kiswahili kina maneno ya kumwongoza anayeitunza. Dai letu ni kwamba maneno tunayo. Kazi iliyobaki ni kuyapambanua.

2. Dhana ya fluoresensi

Mwaka 1852 mwanasayansi George Gabriel Stokes aliipa tabia hii jina kutokana na jiwe liitwalo fluospa. Molekuli hupokea mwanga wa rangi moja, kisha papo hapo hutoa mwanga wa rangi nyingine. Auramini hupokea mwanga wa buluu na kutoa wa kijani-manjano. Kitenzi kung'aa hakitoshi hapa, kwani sufuria iliyosuguliwa nayo hung'aa, ingawa hurudisha tu mwanga iliopokea. Kwa sababu hiyo tunaona kutohoa ni halali: fluoresensi. Hata Stokes hakuwa na neno tayari. Alikopa kwa jiwe.

3. Maharibiko matatu

Wapimaji wengi husema tu kwamba rangi "imeharibika". Kauli hiyo haisemi chanzo wala tiba. Tunapendekeza vitenzi vitatu.

(a) Kupauka. Khanga iliyosahauliwa juani hupauka. Vivyo hivyo, molekuli iliyopokea mwanga huweza kukutana na oksijeni, ikaungana nayo na kupoteza uwezo wa kutoa mwanga. Kupauka kusichanganywe na kuchujuka, ambako ni kutoka kwa rangi inapooshwa. Katika maabara, asidi iliyochanganywa na spiriti huichujua rangi kwa makusudi ili ibaki kwenye viini pekee.

(b) Kuvunjika. Auramini ikipashwa moto katika maji, maji yenyewe huivunja molekuli na kuleta kitu kingine kabisa. Kwa hiyo mmumunyo wake hauchemshwi.

(c) Kutuama. Molekuli hukusanyika zikawa fuwele na mashapo. Hapa hatari hugeuka upande wa pili: chembe ya mashapo huweza kudhaniwa kuwa kiini, na mtu mzima akaanzishiwa dawa za miezi.

4. Namna ya kudumisha

Mapishi yanayotumika sana ni haya: gramu 0.1 za auramini huyeyushwa katika mililita 10 za spiriti ya asilimia 95. Gramu 3 za fenoli huyeyushwa katika mililita 87 za maji yaliyotoneshwa. Kisha viwili hivyo huchanganywa. Kila kiungo kina kazi. Spiriti huyeyusha rangi ambayo maji peke yake huiyeyusha kwa shida. Fenoli huisaidia rangi kupenya ukuta wa kiini wenye nta. Chupa ya kahawia huzuia kupauka, kuchuja huondoa kilichotuama. Hata kioo kilichokwisha kupakwa rangi hutunzwa gizani na kusomwa ndani ya saa 24.

Wakazi wa Muhoroni hawana ugeni na spiriti: mji wao wa sukari umejulikana pia kwa kuichachusha kutokana na molasi. Mwalimu wa sayansi angeweza kuanzia hapo, kwa kitu ambacho wanafunzi wameshakinusa njiani.

Kanuni hiyo ni ya zamani. Mwaka 1904, mjini Hamburg, Gustav Giemsa aliidumisha rangi ya kupimia malaria kwa methanoli na gliseroli. Ikiwa humo hukaa muda mrefu. Ikishatiwa maji hutumiwa siku hiyo hiyo, maana hutuama upesi. Vipimo vipya vya GeneXpert vimekwenda mbali zaidi: vichunguzi vyake vya fluoresensi hukaushwa vikawa punje ndani ya kibweta, vikayeyushwa wakati wa kupima tu. Mahali maji ni adui, dawa ni kuyaondoa.

5. Hitimisho

Lebo isemayo "Tunza vizuri" haimsaidii mtu. Lebo isemayo "Hupauka: weka gizani. Huvunjika: usichemshe. Hutuama: chuja kabla ya kutumia" ni somo zima katika mistari mitatu, na kila kitenzi kimebeba tiba yake. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wa isimu waende maabara kabla ya kuunda istilahi, wasikilize na kuuliza. Neno likikosewa darasani hupoteza alama. Likikosewa kwenye chupa, huenda likampoteza mtu.